Jina likichafuka: namna ya kulirudisha, hatua kwa hatua

Mwongozo huu sikuwaandikia mastaa. Staa akichafuka, mara nyingi wiki hiyo hiyo anatoa wimbo, na nusu ya mji inaamini lote lilikuwa kiki. Nimemwandikia mwenye duka la vitambaa anayeuza Instagram, mwalimu wa tuisheni, MC wa harusi, fundi, muuguzi, mhasibu anayetafuta kazi nyingine. Huyu jina ndilo mtaji wake, na hana meneja wa kumsemea.

Tutembee na mtu mmoja wa kufikirika. Ni dada anayeuza vitambaa Kariakoo. Mteja wa Mwanza alilipa, mzigo ukachelewa wiki mbili, akauliza na kuuliza tena. Usiku mmoja dada amechoka, akamjibu kwa ujumbe wa sauti: akamchamba, akamwita maskini asiye na haya, akamalizia na neno la dharau juu ya watu wa kwao. Asubuhi sauti iko kwenye magrupu. Mchana imefika kwenye ukurasa wa udaku. Jioni vijana wameshaitengenezea vichekesho TikTok.

Wengi wakifikwa na hili huanza kuhangaika na umati, yaani watu elfu kadhaa wasiowajua, ambao wiki ijayo watakuwa wanamzomea mwingine. Wakati huo huo wanawasahau watu wachache wanaowapa riziki: wateja wa kudumu, mwenye mzigo anayewakopesha bidhaa, mwajiri, wanakikoba, familia. Jina linaishi kwa hawa wachache, na kwao ndiko linakoanza kurudi. Hatua zote zilizo hapa chini zinafuata mpangilio huo.

Hatua ya kwanza: funga mdomo, acha ukurasa wazi

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Saa za mwanzo ni za kuchutama. Usijibu kamenti hata moja, hata ya shoga yako anayekutetea. Usiingie laivu. Usirekodi sauti ya pili ya kufafanua ya kwanza. Nimeona kosa dogo likikua kwa sababu mwenyewe alikaa saa saba usiku akijibizana na mtu asiye na picha wala jina. Kama hujiamini, mpe simu mtu wa nyumbani akae nayo hadi asubuhi.

Kabla hujafuta chochote, hifadhi. Piga skrinishoti, pakua klipu, nakili kiungo, andika tarehe, saa na akaunti iliyorusha mwanzo. Utavihitaji kwa mwanasheria, kwa mwajiri au polisini. Utavihitaji na wewe mwenyewe mwezi ujao, utakapotaka kukumbuka ulisema nini hasa, maana kumbukumbu zetu hutupendelea.

Kuhusu kufuta: WhatsApp inakuruhusu kufuta ujumbe kwa wote ndani ya takribani siku mbili na nusu tangu uutume, lakini unafutika kwenye maongezi yale tu uliyoutuma wewe. Nakala ambayo mteja ameshamtumia dada yake, na dada yake akaitupa kwenye grupu la kikoba, huigusi. Futa kile kinachoendelea kumuumiza mtu, kama ulitoa namba yake ya simu au picha yake, na ukifuta sema umefuta. Kufuta kimyakimya huku kila mtu ana nakala kunakupa kosa la pili: umeonekana unaficha.

Kufunga akaunti nzima ni hatari zaidi kwa mfanyabiashara. Kuna watu wameshalipa na wanasubiri mizigo. Wakikuta ukurasa haupo hawatasema tena una mdomo mchafu, watasema ni tapeli, na hilo ni gumu kulifuta kuliko tusi. Isitoshe, atatokea mjanja atakayefungua ukurasa wenye jina na picha zako, apokee pesa kwa jina lako. Ukurasa uache. Instagram ina mpangilio wa kuwazuia kwa muda watu wasiokufuata, au walioanza kukufuata juzi, wasiweze kukamenti, utumie huo.

Halafu zima matangazo ya kulipia. Hili husahaulika mno. Mji mzima unasikiliza ukitukana, na huku tangazo ulilolipia wiki iliyopita linaendelea kukuonyesha unacheka na vitambaa mabegani, "karibuni wapendwa".

Hatua ya pili: jua ni kosa gani, na limefika wapi

Jiulize bila kujionea huruma, hili ni lipi: jambo nililolifanya kweli, jambo nililolifanya lakini limetiwa chumvi, uongo mtupu, au siri yangu iliyovujishwa? Dawa zake hazifanani. Anayezushiwa akiomba radhi, amekiri. Aliyekosa kweli akikimbilia kushtaki, amejiongezea. Dada yetu yuko kwenye la kwanza: sauti ni yake na maneno ni yake.

Kisha andika kwenye karatasi majina ya walioumizwa. Majina, usiandike "jamii" wala "mashabiki wangu". Kwa dada yetu ni mteja yule mmoja, watu wa kwao waliotukanwa kwa ujumla, na wafanyakazi wake wawili ambao leo wanaulizwa maswali kwenye daladala. Usipopata jina hata moja la kuandika, huenda huna la kuombea radhi hadharani. Una aibu tu, na aibu ina dawa yake, ambayo ni muda.

Upande wa ukubwa, tumia alama zilizopo. Kwenye WhatsApp, ujumbe unaokufikia ukiwa na mishale miwili umeshapita mikono mitano au zaidi. Tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo mtu anaweza kuusukuma kwenye maongezi mamoja tu kwa wakati, lakini ukishafika hapo umeshasafiri. Waulize wateja watatu unaowaamini, kwa sauti ya kawaida: "Umesikia lolote kuhusu mimi?" Mara nyingi utashangaa. Kitu unachodhani kimejaa nchi nzima kinakaa kwenye magrupu manne na ukurasa mmoja wa udaku, na wanunuzi wako wakubwa hawana habari. Ukitoa tamko hadharani siku hiyo, wewe ndiye utakayewapa habari.

Kisa cha Barbra Streisand, mwimbaji na mwigizaji wa Marekani, kinafaa hapa. Mwaka 2003 alimshtaki mpiga picha akidai dola milioni 50, kwa sababu picha ya nyumba yake ya pwani ilikuwa kwenye mkusanyiko wa picha za ufukwe wa California. Kabla ya kesi picha hiyo ilikuwa imepakuliwa mara 6 tu, mbili kati ya hizo na mawakili wake mwenyewe. Habari za kesi zilipoenea, zaidi ya watu 420,000 waliitembelea tovuti ile ndani ya mwezi mmoja. Kesi yenyewe alishindwa.

Hatua ya tatu: nenda kwa watu wako kabla ya mtandao

Hii ndiyo hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Anza na aliyeumizwa. Mpigie, usimwandikie. Asipopokea, tuma ujumbe mfupi unaosema wewe ni nani, umekosa nini, na kwamba utampigia tena akiwa tayari. Akikufokea, sikiliza hadi amalize. Usimwombe aseme lolote hadharani, wala usimwambie biashara yako inakufa. Hiyo ni kumtwika mzigo wako mtu uliyemtukana. Na usirekodi simu hiyo kwa nia ya kuirusha.

Kama hakutaki kabisa, tumia njia ya kwetu: mtume mtu mzima. Awe anaheshimika pande zote mbili, shangazi, mzee wa mtaa, shekhe, mchungaji, au mwenyekiti wa soko. Mtu wa kati anaweza kusema "mwanetu amekosa, tumekuja kumwombea" kwa namna ambayo wewe huwezi kuisema ukaaminika. Kazi yake ni kufungua mlango tu. Ukishafunguliwa unaingia mwenyewe na kusema kwa kinywa chako.

Baada ya hapo wafuate wale wasiopaswa kuisikia kwa jirani: mwenzi wako, wazazi, bosi, mshirika wa biashara, mwenye mzigo anayekukopesha, mwenyekiti wa kikoba, wateja wakubwa. Kila mmoja simu ya dakika tatu. Unaweza kusema hivi: "Shikamoo mama. Kuna sauti yangu inazunguka, nimemtukana mteja. Ni mimi kweli. Nimeshampigia kumwomba radhi na pesa yake nairudisha leo. Nimeona uisikie kwangu." Hapo nyamaza, umwache aulize. Usimtolee mteja makosa na usilie kwa muda mrefu hadi yeye ndiye akubembeleze.

Aliyeajiriwa amwone msimamizi wake siku hiyo hiyo, na ikiwezekana akae na mtu wa rasilimali watu kabla hawajamwita. Aende na ukweli wote. Bosi husamehe kosa mapema kuliko anavyosamehe kushtukizwa, hasa akishtukizwa na bosi wake yeye.

Hatua ya nne: kuomba radhi hadharani, kama inabidi

Si kila kosa linataka tamko. Kanuni yangu ni kwamba radhi ifike pale kosa lilipofika. Kosa la grupu la wazazi wa shule liombewe radhi kwenye grupu hilo hilo. La dada yetu limetoka nje na limetukana watu wengi, kwa hiyo anadaiwa tamko la wazi. Lakini litoke baada ya kuzungumza na mteja, lisitangulie.

Kuhusu kutanguliza aliyeumizwa, dunia nzima ilipata somo usiku wa 27 Machi 2022, mwigizaji Will Smith alipompiga kofi mchekeshaji Chris Rock jukwaani kwenye tuzo za filamu za Oscar. Haikupita saa moja alipanda kupokea tuzo yake akiwa na machozi, akawaomba radhi waandaaji na wenzake waliowania tuzo. Mtu aliyepigwa hakumtaja. Siku ya pili ndipo alipomwandikia Chris Rock kwa jina, na ilipofika Julai akatoa video nyingine ya kujieleza. Pengine kama jina lile lingetajwa usiku ule ule, mengine yangekuwa mepesi. Aliadhibiwa kutohudhuria tuzo hizo kwa miaka kumi. Hata hivyo filamu yake iliyotoka Juni 2024 iliingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani. Iliyomrudisha ni kazi. Tutafika huko.

Mfano wa karibu ni wa mtu mmoja, nyakati mbili. Mwaka 2019 sauti za mazungumzo ya simu ya wanasiasa wa CCM zilivuja, wakimsema Rais John Magufuli. Septemba mwaka huo Nape Nnauye, mmoja wao, alikwenda Ikulu, akamwomba radhi ana kwa ana yule aliyesemwa, akasamehewa mbele ya kamera. Januari 2022, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, akawa waziri. Julai 2024, akiwa waziri wa habari, klipu ilisambaa akizungumza Bukoba juu ya njia za kushinda uchaguzi ambazo si kura peke yake. Safari hii alieleza kwamba ulikuwa utani. Mwezi huo huo uteuzi wake ukatenguliwa. Mambo ya uteuzi yana mengi ndani yake na sitadai nayajua, lakini kwa msomaji wa mwongozo huu tofauti ya namna mbili za kuongea iko wazi. "Nimekukosea" inamwangalia aliyekosewa. "Ulikuwa utani" inamwambia yeye ndiye hakuelewa.

Tusidanganyane pia kwamba radhi hurudisha kila kitu. Spika Job Ndugai aliomba radhi hadharani 3 Januari 2022 kwa kauli yake kuhusu mikopo ya serikali, na tarehe 6 akajiuzulu. Unaweza kusamehewa na cheo kikaenda. Ukiomba radhi kwa ajili ya cheo, watu wataisikia hesabu hiyo kwenye sauti yako.

Sasa maandishi yenyewe. Hivi ndivyo wengi wanavyoandika:

"Habari wapendwa. Kuna sauti inasambaa inayodaiwa kuwa yangu. Binadamu hatujakamilika. Kama kuna yeyote amekwazika naomba anisamehe, haikuwa nia yangu. Wenye wivu mtanyooka tu. Mungu ni mwema."

Hapo hajaomba radhi. Amejikosha. "Inayodaiwa" ni kukana nusu. "Kama kuna yeyote" ni kujifanya humjui uliyemtukana. "Binadamu hatujakamilika" inagawa kosa lako kwa watu wote duniani. Sentensi ya wivu ndiyo itakayopigwa skrinishoti. Mwenyezi Mungu naye kaingizwa kama shahidi wa utetezi.

Dada yetu aandike hivi:

"Jumatatu usiku nilimtukana mteja wangu na nikawadharau watu wa kwao. Alikuwa na haki ya kuulizia mzigo wake. Mimi ndiye niliyechelewesha. Nimempigia nikamwomba radhi, na pesa yake nimemrudishia yote. Nawaomba radhi watu wa Mwanza, na kila aliyenunua kwangu akitegemea heshima. Kuanzia leo mzigo ukizidi siku kumi bila kufika, pesa inarudi bila mteja kuiomba."

Kosa limetajwa kwa jina lake, mwenye haki ametajwa, kilichokwisha kufanyika kimesemwa, na kuna ahadi moja inayoweza kupimwa. Uchovu wake, mtoto aliyelazwa, kontena lililokwama bandarini havimo, japo vyote vinaweza kuwa kweli. Vikisemwa na mwingine ni sababu, ukivisema mwenyewe siku hiyo ni visingizio. Usiseme shetani alikupitia. Usiseme akaunti ilidukuliwa kama haikudukuliwa, maana siku ukweli ukijulikana, na hujulikana, utakuwa na kesi mbili.

Kosa lililosikika kwa sauti liombewe radhi kwa sauti au video. Watu wanataka kusikia koo lile lile likisema jingine. Dakika moja inatosha. Muziki wa huzuni usiwepo, vipodozi visizidi vya kila siku, usipige magoti. TikTok zima ruhusa ya watu kuunganisha video zao na yako, la sivyo kesho utakuwa upande mmoja wa kichekesho. Bandika tamko juu ya ukurasa, kisha usiongeze neno. Ukiomba radhi mara ya pili, ya tatu, umewakumbusha waliokwisha sahau, na wanaoisikia mara ya kwanza watadhani kosa ni jipya.

Angalizo moja zito: kama kuna mtu ameumia mwili, pesa imepotea, au jambo linaweza kufika polisi, mwone mwanasheria kabla ya kuandika. Maneno yako ya hadharani yanaweza kusomwa mahakamani. Mwambie wazi kwamba unataka kuomba radhi, maana wengine ushauri wao pekee ni "usiseme chochote". Akusaidie kuchagua maneno.

Hatua ya tano: ukiwa umezushiwa, au siri yako imevujishwa

Hapa usiombe radhi. Toa kauli fupi moja ("sauti ile si yangu, nimeripoti"), kisha peleka jambo mahali pake. Tanzania ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kifungu chake cha 16 kinamwadhibu anayesambaza taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake inapokea malalamiko ya watu ambao taarifa zao zimetumika isivyo halali. Kenya wana sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 na ya ulinzi wa data ya 2019, yenye kamishna wake. Ripoti polisi upewe namba ya RB, au namba ya OB ukiwa Kenya, na uende na ule ushahidi uliohifadhi siku ya kwanza.

Kumbuka sheria hizi zinakuangalia na wewe. Ukirusha namba ya simu ya aliyekuzushia ili wafuasi wako "wamsalimie", umegeuka mshtakiwa.

Mitandao yenyewe hupokea ripoti za picha za faragha, namba za simu na akaunti za kujifanya mtu mwingine, na Google nayo ina fomu ya kuomba taarifa binafsi kama namba ya simu au kitambulisho ziondolewe kwenye matokeo ya utafutaji. Habari ya kweli iliyoandikwa na gazeti ni shughuli nyingine. Wanaoishi Ulaya wana haki ya kuomba kiungo cha zamani kisitokee wanapotafutwa kwa jina, tangu Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipomkubalia Mario Costeja González wa Hispania tarehe 13 Mei 2014. Alitaka tangazo la mnada wa mali yake la 1998 lisahaulike. Alishinda, na sasa kila mwanafunzi wa sheria za mtandao anasoma habari za mnada ule.

Hatua ya sita: lipa

Radhi isiyo na gharama watu huiona nyepesi, na hawakosei sana. Dada yetu amerudisha pesa. Amerekebisha na kilichosababisha kosa: namba ya biashara ameitenga na namba yake binafsi, baada ya saa mbili usiku WhatsApp Business inajibu yenyewe kwamba majibu yatatoka asubuhi, na mizigo iliyochelewa inafuatiliwa na binti mmoja mwenye daftari lake. Mambo madogo, na ndiyo yanayozuia sauti ya pili.

Jambo moja usifanye: kupakia mchele na sabuni kwenye gari, kwenda kituo cha watoto yatima na mpiga picha, wiki moja baada ya kashfa. Kila mtu anajua umeenda kufanya nini. Watoto wale hawakukukosea kitu, usiwatumie kama sabuni. Ukitaka kutoa, toa, na kamera ibaki nyumbani.

Hatua ya saba: rudi kwa kazi

Baada ya tamko, pumzika kuposti. Wiki mbili au tatu kwa biashara ndogo. Kwa mtu anayetegemea uso wake, kama MC au mhubiri, hata miezi miwili. Mizigo iendelee kutoka, simu zipokewe, ila hadharani uwe mchache.

Posti ya kwanza ya kurudi iwe ya kazi kabisa. Kitambaa, bei, rangi zilizopo. Usiandike "nimerudi kwa kishindo" wala "mlidhani nimeisha". Kamenti za kukumbushia zitakuja. Ya kwanza ijibu mstari mmoja wa adabu, "Ni kweli nilikosea, nilishaomba radhi, karibu," na zinazofuata ziache. Chawa wako wakianza kuwatukana wanaokukosoa, watulize, kwa sababu matusi yao yanahesabiwa kuwa yako.

Waombe wateja wa kweli waandike walivyohudumiwa, waandike wenyewe kwa Kiswahili chao. Ushuhuda wa kununua unajulikana: wote wana sentensi moja, na akaunti zao zina posti tatu. Kama una ukurasa wa biashara kwenye Google, jibu maoni mabaya kwa upole, moja moja. Huwezi kuyafuta kwa sababu tu ni mabaya, lakini anayesoma maoni husoma na majibu, na majibu ndiyo yanayompa picha ya tabia yako ya leo.

Kisha jitafute. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, andika jina lako kamili, jina la biashara, jina la utani, na hata namba ya simu. Tazama ukurasa wa kwanza kama mgeni. Habari mbaya haisogei chini kwa kuichukia; inasogezwa na habari nyingine zenye jina lako. Kwa mhasibu ni wasifu wa LinkedIn uliojazwa vizuri na makala mbili za kodi zenye msaada wa kweli. Kwa fundi ni video za kazi zake zenye jina lake kwenye maelezo. Kwa mwalimu ni masomo. Kazi hii ni ya miezi, na huwa inachosha. Mwezi wa kwanza hutaona badiliko lolote.

Pitia na ya nyuma. Utani wa 2014 ulioandika ukiwa chuo unaweza kuibuliwa na mtu mwenye hasira nawe leo. Instagram unaweza kuhifadhi posti za zamani zisionekane bila kuzifuta, na Facebook ina mpangilio wa kuzifanya zote za nyuma zionwe na marafiki tu.

Wakati wa kupima, usihesabu wafuasi. Angalia kama wateja wa zamani wameagiza tena, kama kuna aliyekuletea mteja mpya, kama mwenye mzigo bado anakukopesha, kama unaalikwa. Wafuasi wanaweza hata kuongezeka kwa sababu ya kashfa, na wasinunue hata mita moja.

Kwenye usaili wa kazi, swali likija, na likija ulishukuru kwa sababu wapo wasiouliza na wakakukata kimyakimya, jibu kwa sentensi tatu: nilifanya hivi, nilimrekebishia aliyeumia hivi, sasa nafanya kazi hivi. Simama hapo. Jibu likifika dakika tano, umeanza kujitetea.

Hatua ya nane: litakaporudi

Klipu haifi. Siku ukifungua tawi, ukigombea uongozi wa soko au mwanao akifunga ndoa, mtu ataitoa. Weka tayari mistari miwili kwenye simu, yenye kiungo cha lile tamko la mwanzo, uitumie kwa wanaokuuliza tu. Waambie wafanyakazi nao wajibu hivyo hivyo, wasitunge. Siku hiyo posti zako zilizopangwa ziendelee kama kawaida.

Wengine hufikiria kubadili jina la biashara. Mimi siungi mkono, isipokuwa umebadilisha na biashara yenyewe, washirika au mahali. Jina jipya linakupotezea wateja wa zamani waliokusamehe, na halikufichi kwa wale wanaokutafuta: Instagram, sehemu ya kuhusu akaunti, inaonyesha akaunti ilianza lini na imebadili jina mara ngapi. Ukibadili, andika jina la zamani wazi kwenye wasifu kwa miezi sita ya mwanzo, na uwapigie wateja wakubwa kuwaambia kabla bango la dukani halijashushwa.